ASKARI JELA NAYE NI MWANANCHI



Katika mkutano wa tawi letu mwezi uliopita tuliweka mezani jambo ambalo halijapata kuzungumzwa pale tangu tawi lifunguliwe, nalo ni hali ya askari wa magereza. Hatukufika mbali. Mzee wetu mmoja, ambaye hukaa kiti cha mbele na husema mara chache, alisimama akatukatiza. "Vijana," alisema, "baba yangu alifungwa Manyani. Alirudi nyumbani hawezi kuinua mkono wa kulia kupita bega. Aliyemvunja alikuwa Mwafrika mwenzake, amevaa kaptula ya jela, rungu mkononi. Huyo ndiye mnataka tumlilie?" Akaketi. Watu wakapiga makofi, nasi tukatazama chini.

Siku ile hatukuwa na jibu. Tulilipata njiani tukirudi nyumbani, kama ilivyo ada ya majibu, na ndilo tunaloliandika hapa.

Kwanza twakiri kwamba mzee hakusema uongo. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, askari waliamriwa kuwalazimisha wafungwa wa kisiasa kufanya kazi. Wafungwa 11 walipigwa hadi wakafa. Serikali ya mkoloni ikatangaza kwanza ati watu wale walikufa kwa kunywa maji. Maji! Na mpaka mkoloni anafunga virago vyake hapana aliyeshitakiwa mahakamani kwa vifo vile.

Lakini tuangalie vizuri ni nani aliyefanya nini. Rungu lilishikwa na askari mweusi mwenye mshahara mdogo. Mpango wa kutumia nguvu uliandikwa ofisini na wakubwa wa magereza, wakubwa wengine wakaupitisha, kisha ukateremshwa Hola kama amri. Mkoloni hakutaka askari jela mwenye kufikiri; alitaka mkono wa kupigia. Na mkono hauhitaji nyumba ya mke na watoto. Ndiyo sababu alijengewa chumba kimoja kando ya ukuta wa gereza, akahesabiwa kuwa mtu asiye na jamaa.

Uhuru ulikuja mwaka wa 1963. Bendera ikashushwa, nyingine ikapandishwa, na wakubwa wenye sura nyeusi wakaketi katika viti vile vile. Sheria ya Magereza, Sura ya 90, ilikuwa imetungwa mwaka wa 1962, mkoloni angali hapa, nasi tukairithi. Kamiti, alikonyongewa Dedan Kimathi mwaka wa 1957, ikabaki gereza. Manyani ikabaki gereza, na Hola vivyo hivyo. Na vile vyumba kimoja kimoja vya kando ya ukuta navyo vikabaki.

Haya hatukuyasoma vitabuni tu. Tulipokuwa chuo cha ualimu tulipelekwa mazoezi ya kufundisha katika shule iliyo karibu na gereza moja, na nusu ya darasa letu walikuwa watoto wa askari. Palikuwa na mvulana wa darasa la nne aliyelala kila siku kabla ya saa nne. Tulimwadhibu mara mbili, na twaona haya kulisema. Mara ya tatu tukaenda kwao. Tukakuta chumba kimoja kimegawanywa kwa pazia, huku familia moja na kule familia nyingine. Baba yake aliingia zamu ya usiku, jirani wa nyuma ya pazia akaingia zamu ya mchana, kwa hiyo hapakuwa na saa hata moja ambayo chumba kile kilikuwa kimetulia. Yule baba alikuwa koplo. Alikuwa na miaka kumi na mitano kazini. Alitukaribisha chai, akatuomba radhi kwa sababu ya pazia, kana kwamba yeye ndiye aliyelitundika kwa kupenda kwake.

Mtu huyu ndiye ambaye jioni hushika ufunguo wa bloku, ahesabu wafungwa kichwa kwa kichwa, kisha atie sahihi kwamba hesabu ni kamili. Hesabu ikipungua mmoja, jina linaloitwa ni lake. Wasiojua kazi ya jela hudhani ni kukaa langoni na bunduki. Sivyo. Mfungwa mmoja akiugua akalazwa hospitali, askari hutolewa zamuni wakamlinde kitandani mchana na usiku. Mahabusu wakitakiwa mahakamani, wengine huondoka nao alfajiri. Waliobaki ndio wanaoangalia bloku nzima, na bloku imejaa kupita ilivyojengwa, kwa maana nchi yetu ina wafungwa na mahabusu zaidi ya 50,000, na wengi wa mahabusu hao wamo ndani kwa kukosa dhamana tu. Sajini aliyebaki na askari wachache ana njia mbili: awaongoze watu kwa akili na subira, au awatishe. Subira hutaka usingizi. Vitisho havitaki kitu.

Hapa ndipo lilipo jibu letu kwa mzee. Atakaye mfungwa asipigwe, na amtazame anayemlinda.

Mwaka wa 2003 serikali mpya ilianza kufungua milango ya magereza. Bwana Moody Awori, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani na baadaye Makamu wa Rais, alileta magodoro, redio na televisheni kwa wafungwa, na watu wa nje wakaruhusiwa kuona yaliyokuwa yakifichwa. Lilikuwa tendo jema, nasi twalisifu hata leo. Lakini upande wa pili wa ukuta askari walinung'unika. Mfungwa amepata godoro. Askari akitoka kumlinda arudi nyuma ya pazia lake. Baadhi ya watu waliwacheka, wakasema ni wivu. Hawakuuliza wivu huo umezaliwa na nini.

Basi Aprili 2008 manung'uniko yakatoka nje. Askari wa Kamiti na wa magereza mengine waliweka kazi chini. Askari wa vikosi vingine walikuwa wamelipwa marupurupu ya hatari kwa sababu ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, wao wakasahauliwa. Ila fedha zile zilikuwa cheche tu. Walipofungua vinywa mbele ya waandishi wa habari walizungumza juu ya nyumba, juu ya maji, juu ya vyeo vinavyokwenda kwa jamaa za wakubwa. Nchi nzima ilishtuka. Kamati ikaundwa chini ya Meja mstaafu Marsden Madoka, ikazunguka, ikasikiliza, ikaandika.

Kuandika ndiko tunakokujua sana katika nchi hii.

Novemba 2021 wafungwa watatu wa kesi za ugaidi walitoroka Kamiti, gereza ambalo kila mtoto wa Kenya huambiwa hapana atokaye. Mkuu wa Magereza alifukuzwa kazi, askari kadhaa wakatiwa mbaroni, na serikali ikatangaza tuzo ya shilingi milioni 60 kwa atakayesaidia kuwapata. Baada ya siku chache walikamatwa Kitui. Hatuwatetei waliozembea wala waliokula rushwa, kama wapo. Sheria na iwashike. Twauliza swali moja tu. Milioni 60 zilipatikana kwa siku moja ili kuwatafuta watu watatu. Kwa nini fedha za kumpa askari nyumba hutafutwa miaka na miaka zisionekane? Mlinzi asiyelala, mwenye deni dukani, anayemlinda mtu mwenye jamaa matajiri huko nje, huyo ni mlango wenye komeo la mti.

Twaambiwa sasa mambo yanatengenezwa. Desemba 2022 iliundwa kamati nyingine, hii ikiongozwa na Jaji Mkuu mstaafu David Maraga, iangalie hali ya polisi, magereza na vijana wa huduma ya taifa. Taarifa yake ilitolewa Novemba 2023, na nyongeza ya mishahara ikapangwa kulipwa kwa awamu kuanzia Julai 2024. Twashukuru, maana asiyeshukuru kidogo hapewi kingi. Hata hivyo mshahara ni upande mmoja. Pazia halitundukwi na mshahara, kwa kuwa askari hana ruhusa ya kukaa apendapo; kazi yake humtaka awe karibu na lango. Asipojengewa, hana pa kwenda hata akiwa na fedha.

Tena kuna jambo la sauti. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 41, humpa kila mfanyakazi haki ya kuwa na chama cha wafanyakazi. Kifungu cha 24 kinaruhusu Bunge kuipunguza haki hiyo kwa wanajeshi na kwa polisi. Someni wenyewe: magereza hayakutajwa. Hayakutajwa wala katika kifungu cha 239 panapoorodheshwa vyombo vya usalama wa taifa. Polisi wana tume yao. Askari jela yumo ndani ya Tume ya Utumishi wa Umma pamoja na makarani. Yaani ikifika kulipwa yeye si mwanausalama, na ikifika kunyamaza huambiwa yeye ni askari. Bwana wakubwa, chagueni moja.

Wala tusiwasahau wanawake. Katika magereza ya akina mama wapo watoto wadogo ambao sheria inawaruhusu kukaa na mama zao mpaka miaka minne. Askari mwanamke humbeba mtoto wa mfungwa akilia, huku wake mwenyewe amemwacha laini kwa jirani tangu alfajiri. Hili hatuna haja ya kulieleza zaidi. Kila mama aliye chamani amekwisha lielewa.

Umoja wa Mataifa ulitoa kanuni za magereza mwaka wa 1955, ukazirekebisha Desemba 2015 na kuzipa jina la Mandela, mtu aliyekaa kifungoni miaka 27. Kanuni ya 74 yasema mishahara ya watumishi wa magereza iwe ya kutosha kuwavuta na kuwabakiza watu wanaofaa, na masharti ya kazi yawe mazuri kwa sababu ya ugumu wa kazi yenyewe. Jina la mfungwa wa siasa mashuhuri kuliko wote barani Afrika limewekwa juu ya kanuni zinazomtetea na mlinzi wake. Tulimpelekea mzee wetu habari hiyo nyumbani kwake, tukamsomea.

Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Nyumba wapewe. Lakini atakayempiga mfungwa akiwa na nyumba nzuri, afungwe mara mbili." Tukamwambia maneno hayo tutayaandika kama alivyoyasema, na ndivyo tulivyofanya. Juma lililofuata alisimama mkutanini akaliunga mkono azimio, na kura zilizolikataa zilikuwa nne.

Azimio lasema hivi. Katika kila kaunti yenye gereza, wanachama waende kwa mkuu wa gereza, waombe ruhusa kwa adabu, wahesabu familia zilizomo laini na vyumba vilivyopo, vikiwemo vile vibanda vya mabati vya mviringo. Wasiulize habari za ulinzi wala za wafungwa. Hayo si yetu. Hesabu iletwe kwa katibu wa tawi kabla ya mwisho wa mwezi ujao, nasi tutawapelekea Wabunge wa chama kabla makadirio ya fedha hayajasomwa. Atakayekataliwa ruhusa alete tarehe na saa aliyokataliwa.