Albamu za Chini kwa Chini: Sauti Tumeisikia, Neno Liko Wapi?

Leso ya Mswahili ina kitu kimoja ambacho albamu nyingi za siku hizi hazina, nacho ni jina. Leso isiyokuwa na maandishi pale chini, mwanamke wa pwani haihesabu kuwa leso. Kwake hiyo ni kitambaa tu, na labda ataitumia kumbebea mtoto. Nimelikumbuka jambo hili kwa sababu miezi hii nimekuwa nikisikiliza albamu za wanamuziki wanaojitegemea, wale ambao vijana huwaita wa andagraundi, wasiongoja kampuni kubwa wala kuitwa na redio. Baadhi ya albamu hizo zina miaka kadhaa tangu zitoke. Lakini msomaji anielewe: mimi niko Marereni, na huku habari nyingine huja na lori linalorudi tupu kuchukua chumvi.

Naanza na ile iliyonichangamsha. Yaitwa Sounds of Sisso, nayo ilitolewa mwaka 2017 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, jina ambalo kwa Kiswahili chetu siwezi kulitamka mbele ya wakwe. (Waganda wanasema kwao maana yake ni ile hamu ya kucheza inayomshika mtu asiweze kuizuia. Haya, tuwaachie wenyewe.) Ndani mna singeli kutoka studio ya Sisso, mtaa wa Mburahati, Dar es Salaam. Mapigo yake yanapita 200 kwa dakika, na juu yake kijana anamimina maneno kama mtu anayekimbizwa na askari. Wazee wenzangu walioisikia kwangu walisema ni kelele za mashine iliyoharibika. Mimi sikubali. Aliyewahi kusikia kibati cha Pemba, jinsi watu wanavyojibizana papo kwa hapo na maneno yakafukuzana juu ya ngoma mpaka mgeni akabaki kinywa wazi, huyo hataona ajabu katika singeli ila mtambo. Na mtambo wenyewe si mgeni sana. Singeli imezaliwa na mchiriku, ngoma ya Wazaramo iliyotiwa kinanda kidogo cha Casio, ile ile ambayo Jagwa Music waliipeleka hadi Ulaya kwa albamu yao Bongo Hotheads ya mwaka 2012.

Lakini hapo ndipo ninapoanza kukunja uso. Vijana hawa wanasifiwa Berlin na London kwa kasi yao. Kasi! Nani aliyewasifu kwa walilosema? Katika nakala iliyonifikia sikuona hata ubeti mmoja ulioandikwa. Mzungu anayeicheza hajui kama anaambiwa habari za mapenzi, za kodi ya nyumba au za mama mkwe, na walioitoa hawakuona haja ya kumwambia. Sisi tunaoijua lugha nasi hatupati nafuu kubwa, maana maneno yamepita kabla sikio halijageuka. Kibati kilikuwa na watu wa kukumbuka na kukueleza asubuhi. Albamu hii inakuacha na jasho peke yake.

Kutoka Nairobi nimeletewa kitu kizito zaidi. Duma ni jina la vijana wawili, Martin Khanja na Sam Karugu, na ndilo jina la albamu yao ya mwaka 2020. Kwa Kikikuyu ni giza. Msomaji asiyezoea ajitayarishe. Khanja haimbi, hunguruma na kulia, huku ngoma za mashine zikipasuka pande zote. Sisi tuliosoma chuoni tulifundishwa makharija, kila herufi na mahali pake inapotokea, kooni, ulimini au midomoni. Nilijaribu kutafuta herufi katika sauti ya kijana huyu nikachoka. Nilitaka kuizima. Kilichonizuia ni ngoma za pepo, ambazo kila aliyekulia baina ya Malindi na mto Sabaki amezisikia usiku, akajua kwamba hazikupigwa ili mtu akae kitini asikilize. Zina kazi nyingine. Kwa kipimo hicho Duma wamefaulu, na mwaka 2024 Khanja, akijiita Lord Spikeheart, alitoa albamu yake The Adept kwa lebo yake mwenyewe, Haekalu. Nampongeza kwa hilo la kuwa na mlango wake. Albamu yenyewe sitaiweka nyumbani kwangu.

Peel, ya KMRU, iliyotoka mwaka 2020, ni kinyume chake kabisa: sauti zinazotanda polepole kama ukungu juu ya mashamba ya chumvi alfajiri, bila ngoma na bila mwimbaji. Nilidhani ningechoka, badala yake nilitulia. Na hapa sina haki ya kuuliza neno liko wapi, kwa kuwa hakuahidi neno. Isitoshe, kijana huyu amelipa deni la neno kwa njia nyingine. Jina lake ni Joseph Kamaru, sawa na la babu yake, yule mwimbaji mkubwa wa Kikikuyu aliyefariki mwaka 2018 na ambaye nyimbo zake ziliwahi kuwaudhi wakubwa. Mjukuu amekuwa akizitoa upya nyimbo za babu kwenye Bandcamp, ambako msikilizaji hununua kwa mwanamuziki bila kupitia dukani. Kazi hiyo peke yake kwangu ni sawa na albamu kumi.

Unguja wametuletea Siti and the Band, na Fusing the Roots ya mwaka 2018. Ni kundi lililotokana na chuo cha muziki cha Nchi za Majahazi kilichofunguliwa mwaka 2002, na mwimbaji wake, Siti Amina, hupiga udi mwenyewe. Wamechanganya taarabu na jazi na mengineyo, na mahali pengine mchanganyiko umezidi chumvi. Udi unasukumwa pembeni na gitaa. Lakini matamshi! Kila silabi imesimama, na mtu aweza kuandika shairi kwa kusikiliza mara moja. Mombasa nako Kaa la Moto ameipa albamu yake jina Leso ya Mekatilili. Kwa sisi watu wa Magarini jina hilo si pambo. Mekatilili wa Menza, aliyewainua Wagiriama dhidi ya Waingereza mwaka 1913, amezikwa Bungale, humu humu kwetu. Kijana anarapu kwa Kiswahili ambacho mtu hahitaji kuulizia kilitoka wapi, na ukimsikiliza unajua kwamba aliketi akapima maneno kabla hajaingia studio. Katika hizi zote, yeye ndiye niliyemrudia mara nyingi zaidi.

Sasa wako wanaosema kwamba kujitegemea huku ni jambo jipya lililoletwa na simu. Si kweli. Ni kweli kwamba Siti binti Saad alipotiwa kwenye santuri mwaka 1928 ilibidi avuke bahari mpaka Bombay, akafanye kazi ya kampuni ya Waingereza. Lakini zilipokuja kaseti, pwani ilijiendesha. Mombasa kulikuwa na Mbwana Radio Service, duka lililorekodi na kunakili taarabu; Juma Bhalo, Zein l'Abdin na Maulidi Juma walisikika mpaka vijijini bila kuomba ruhusa Nairobi wala London. Kama hiyo si andagraundi, sijui andagraundi ni nini.

Kasoro ya siku zile ndiyo kasoro ya leo. Jina la mwimbaji liliandikwa. La mtunzi mara nyingi liliachwa. Watu wangapi walioimba pamoja na Juma Bhalo walijua kwamba mashairi mengi yalitoka kwa Ahmad Nassir? Mimi mdogo yalinifika pia. Nilipokuwa kijana nilimpa mwimbaji mmoja shairi la harusi, na baadaye nikalisikia kwenye kaseti ndani ya matatu, likiwa na jina la mtu mwingine juu ya kifuniko. Dereva aliniuliza kwa nini naimba kwa sauti kubwa hivyo.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, ya mwaka 2001, inatenga vitu hivi: maneno ni kazi ya fasihi na yana haki yake, muziki una yake, na sauti iliyorekodiwa ina yake. Haki ya maneno hudumu miaka 50 baada ya mtunzi kufa. Basi anayetoa albamu bila kutaja mtunzi hadhulumu hisia za mshairi tu, anafuta anwani ambayo pesa zingefuata kesho, na watoto wa mtunzi wakazikosa.

Nayasema haya kwa ajili ya hapa nyumbani. Mwanzele inapigwa matangani usiku kucha, kayamba zikilia na waimbaji wakitoa mafumbo ya Kigiriama ambayo wazee wawili watatu tu ndio wanaweza kuyafumbua mpaka chini. Vijana wanairekodi, na hilo ni jema. Kisha inakatwa vipande vipande, inaingizwa kwenye kadi za simu huko kwenye vibanda, na inaitwa "mwanzele mpya 3", haina mwimbaji, haina mtunzi, haina kijiji wala mwaka. Zikikusanywa nyimbo nane tu za mpigaji mmoja, zikapangwa, maneno yakaandikwa kwa Kigiriama na kufasiriwa kwa Kiswahili, hiyo ni albamu ambayo hata kijana wa Mburahati angeitamani. Gharama yake ya ziada ni kalamu, karatasi na mzee mmoja mwenye subira. Wazee hao mimi nawajua wanakokaa, na wawili kati yao hawasikii vizuri tena.