Wauguzi Wafunzwe Kuwahudumia Wazee

Kifungu cha 57 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mzee haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na jamaa zake pamoja na serikali. Huko Garissa, haki hiyo hujaribiwa pale mzee anapoketi mbele ya muuguzi asiyejua Kisomali. Mjukuu hugeuzwa mkalimani. Je, bibi kizee atamwambia mjukuu wa kiume kwamba hawezi kuzuia mkojo? La hasha! Atanyamaza, na muuguzi ataandika ugonjwa mwingine kabisa.

Wala tatizo si lugha pekee. Mzee mwenye maradhi ya mapafu huenda asipate homa. Huanza tu kupayukapayuka au kuanguka. Joto humkausha maji mwilini naye asihisi kiu. Muuguzi asiye na ujuzi husema ni uzee tu, akamrudisha nyumbani. Mwezi wa Ramadhani nao, mwenye kisukari hupaswa kupangiwa upya saa za dawa kabla ya kuanza kufunga, si baada ya kuzirai.

Chuo cha Mafunzo ya Utabibu cha Kenya kina tawi mjini Garissa. Twaiomba serikali ya kaunti ishirikiane nacho ili wanafunzi watahiniwe katika mambo haya, nao wauguzi watokao sehemu nyingine za nchi wafunzwe Kisomali cha kumhoji mgonjwa kabla ya kukabidhiwa wodi.