Kitabu cha Likizo Kisiwe Adhabu

Ninaandika kuipinga orodha ya vitabu vya likizo. Ninasema orodha ile ambayo sisi wanafunzi wa Kiswahili hapa Uganda hupewa mitihani ya mwisho wa mwaka ikiisha: riwaya mbili ngumu, diwani moja, tamthilia moja na kitabu cha nadharia ya fasihi, pamoja na onyo kwamba chuo kikifunguliwa kutakuwa na jaribio. Orodha hiyo hutolewa kwa nia njema. Lakini wengi wetu tunarudi chuoni bila kusoma kitabu hata kimoja cha Kiswahili, na baadhi ya wanaodai kusoma wamesoma muhtasari uliosambazwa kwa simu.

Hoja yangu ni moja. Kitabu cha likizo kichaguliwe kwa utamu wake, na achague msomaji mwenyewe. Kwa mwanafunzi wa Tanga au Mombasa huenda hili likawa jambo dogo, maana akifunga kitabu, lugha inaendelea sokoni, msikitini na kwenye daladala. Sisi tukifunga kitabu, tumeifunga lugha.

Tukumbuke Kiswahili kimekaaje katika nchi yetu. Wafanyabiashara wa pwani walikileta katika karne ya 19, kisha kikawa lugha ya jeshi na polisi. Wazee wetu wengi wakikisikia hukumbuka kizuizi cha barabarani na mtu mwenye bunduki. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa kwa amri. Mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa, kikatajwa kuwa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Sizikatai hatua hizi za karibuni, kwa sababu ndizo zitakazonipa ajira. Ila nauliza: ni amri ipi kati ya hizo iliyomfanya mtoto wa Masaka akipende Kiswahili? Lugha inaweza kuingizwa katika ratiba kwa sheria. Kuingia moyoni kunahitaji kitu kingine.

Kitu hicho ni raha, na sisi tunaosomea ualimu ndio tutakaotarajiwa kuipeleka darasani. Mwalimu ambaye hajawahi kukesha na kitabu cha Kiswahili kwa sababu tu alitaka kujua mwisho wake, atawaambia nini watoto? Atawaambia alichoambiwa yeye: someni, kitakuja kwenye mtihani. Watoto watakariri, watafaulu, watasahau. Hivyo ndivyo tulivyosoma wengi wetu, na ndiyo maana tunaweza kuorodhesha ngeli zote lakini tunashindwa kumtania mtu kwa Kiswahili.

Najua majibu ya walimu wetu, na kwa heshima zote nitayajibu.

La kwanza ni kwamba vitabu vya kufurahisha ni vyepesi na havifai mwanafunzi wa chuo kikuu. Zile tunazoziita riwaya pendwa, yaani za upelelezi, mapenzi na vituko, hutajwa darasani kwa nusu saa, kisha tunaendelea na kazi za maana. Wanaosema hivyo wamfungue tena Muhammed Said Abdulla. Riwaya yake ya Mzimu wa Watu wa Kale ilipata zawadi ya kwanza katika shindano la uandishi la miaka ya 1957 na 1958, ikachapishwa mwaka 1960. Ni hadithi ya mauaji, na mpelelezi wake, Bwana Msa, anafanana sana na Sherlock Holmes, hata rafiki wa kumshangaa anaye, anaitwa Najum. Nani atasema Kiswahili cha kitabu kile ni chepesi? Ni Kiswahili cha Unguja, chenye mafumbo, mizaha na maneno ambayo mimi nililazimika kuyatafuta katika kamusi. Tofauti ni kwamba niliyatafuta kwa sababu nilitaka kujua nani ameua.

Tena wapo wengine. Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965. Elvis Musiba alimuumba Willy Gamba, jasusi wa Tanzania anayepambana na maadui wa ukombozi wa Afrika, na riwaya ya kwanza ya mfululizo huo, Kufa na Kupona, ilitoka mwaka 1974. Ben Mtobwa naye alitupa Joram Kiango. Waandishi hawa walisomwa na watu ambao hakuna mwalimu aliyewalazimisha. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kitabu kinachohitaji kusindikizwa na jaribio ndicho kinachotembezwa.

Jibu la pili ni la lugha: kwamba mwanafunzi anayesoma kwa kujifurahisha hajifunzi. Hapa ndipo ninapopinga kwa nguvu zaidi. Mpelelezi anapokitafuta kisu, akakiona, akakifunga kitambaani, kisha kikaibwa, upatanisho wa ngeli umekuingia kichwani bila jedwali lolote. Kesho yake utasema kisu kilichoibwa bila kusita. Msomaji wa hadithi tamu humaliza kurasa 200 kwa siku tatu, na katika kurasa hizo amekutana na vitenzi vilevile mara nyingi kuliko tunavyokutana navyo katika muhula mzima. Zaidi ya hayo, hadithi hizi zimejaa mazungumzo. Humo unasikia jinsi watu wanavyokatizana maneno, wanavyobembeleza, wanavyodanganya na wanavyogombana. Mhadhara hauwezi kutufundisha kugombana kwa Kiswahili.

Jibu la tatu ni kwamba wanafunzi tukiachwa tuchague hatutazisoma kazi kubwa kamwe. Kwanza, kazi kubwa zina muhula wake. Riwaya kama Nagona ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1990, inahitaji mwalimu, mjadala na kichwa kilichopumzika. Kumpa mtu aisome peke yake jioni, mwili umechoka kwa kuchuma na kuanika kahawa au kwa kukaa dukani tangu asubuhi, ni kuidhulumu riwaya na kumdhulumu msomaji. Likizo yetu si ya ufukweni. Wengi wetu tunarudi kijijini, tunafanya kazi, na muda wa kusoma ni saa moja usiku kabla taa ya sola haijafifia. Saa hiyo moja inashindaniwa na simu, usingizi na mechi. Kitabu kisichokuwa kitamu hakitashinda.

Pili, nani alisema kazi kubwa haziwezi kuwa tamu? Vuta n'Kuvute ya Shafi Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1999, inasomwa katika madarasa ya fasihi, lakini ni kisa cha Yasmin, msichana wa Kihindi wa Unguja aliyeozwa mzee, na mapenzi yake na Denge, kijana anayetafutwa na serikali ya kikoloni. Ina mapenzi, polisi na kukimbizana, hata ikatengenezewa filamu mwaka 2021. Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka 1996, ina kijana anayetoka Tanga kumtafuta baba yake mpaka Kitale, mji ulio karibu na Mlima Elgon tunaougawana na Wakenya. Adili na Nduguze ya Shaaban Robert ina majini na watu waliogeuzwa nyani. Vitabu hivi vikipachikwa katika orodha ya lazima, tunavisoma tukitafuta dhamira na tamathali za semi ili tupate alama. Mtu akivikuta mwenyewe, anavisoma kama hadithi, na dhamira zinakuja zenyewe.

Basi tuchagueje? Nina ushauri, na hauhitaji shahada. Anza na kile unachokipenda tayari. Ukipenda filamu za ujasusi, tafuta Musiba. Ukipenda visa vya kuchekesha, zipo hekaya za Abunuwasi, ambazo bibi yako anaweza kuzisimulia kwa lugha yake baada ya wewe kumsimulia. Fungua ukurasa wa kwanza na mmoja wa katikati. Ukikwama kwa maneno sita au saba katika ukurasa mmoja, kirudishe kwa sasa, kitakungoja muhula ukianza. Usisome ukiwa na kalamu mkononi. Na kama umefika ukurasa wa hamsini na bado hujali mhusika yeyote kama yu hai au amekufa, kiache bila aibu uchukue kingine. Kuacha kitabu kibaya ni sehemu ya kujifunza kusoma.

Ugumu wa kweli ni upatikanaji, na hapa lawama ni yetu sote. Katika maduka ya vitabu niliyoyapita Kampala, rafu ya Kiswahili ni ya vitabu vya kiada, na hadithi zilizopo ni zile zinazotahiniwa. Mwenye duka haagizi asichoulizwa, nasi hatuulizi. Lakini wenzetu husafiri kwenda Nairobi, Mwanza na Dar es Salaam kila likizo. Wanafunzi watano wakichanga fedha, yule anayesafiri anaweza kurudi na vitabu vitatu, vikazunguka kwa wote watano mpaka majalada yachakae. Idara zetu nazo, zinazonunua nakala nyingi za kitabu cha nadharia, zitenge walau rafu moja ya riwaya za upelelezi na mapenzi, na ziruhusu vitabu hivyo viazimwe kwa likizo nzima badala ya wiki mbili.

Kila tarehe 7 Julai, tukiwa likizoni, dunia inaadhimisha Siku ya Kiswahili, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Hotuba hutolewa na fulana huvaliwa. Siku hiyo ningependa kila mwanafunzi wa Kiswahili Uganda aulizwe swali moja: sasa hivi unasoma nini, na umefika wapi? Asiyekuwa na jibu asivae fulana.

Kwa walimu wetu nina ombi moja linalotekelezeka mwaka huu huu. Orodha isitolewe, na jaribio lifutwe. Chuo kikifunguliwa, wiki ya kwanza, kila mwanafunzi asimame dakika tano awasimulie wenzake kitabu alichokisoma kwa hiari yake, asimulie vizuri kiasi cha kumfanya mwingine akitake, kisha anyamaze kabla ya kufika mwisho wa kisa. Wapo watakaodanganya, lakini hata sasa wapo. Angalau msimulizi wa kweli atajulikana mara moja, kwa sababu akimaliza, watu watamfuata mlangoni kumwomba kitabu.

Mimi nimekwisha kuchagua changu cha likizo hii. Ni Kisima cha Giningi, kisa kingine cha Bwana Msa, nakala ya kuazima isiyokuwa na jalada. Sitakifanyia uchambuzi. Anayekitaka ajiandikishe kwangu mapema, maana tayari kuna watu wawili mbele yake.