KANDARASI ZA SERIKALI: ILE BEI YA CHINI ANAILIPA NANI?

Ndugu Wafanyakazi,

Serikali ikitaka kujenga shule, zahanati, barabara au soko, hutangaza tenda. Makontrakta huleta bei zao, bei husomwa mbele ya watu, na kwa kawaida yule aliyetimiza masharti ya karatasi na mwenye bei ya chini kuliko wenzake ndiye apewaye kazi. Ndivyo isemavyo Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015, kifungu cha 86. Wakubwa husifu jambo hili na kusema kwamba pesa za mwananchi zimeokolewa. Sisi twauliza swali moja tu: hiyo bei ya chini imetoka wapi?

Haikutoka katika simiti, maana dukani mfuko wa simiti haumwonei huruma kontrakta ye yote. Haikutoka katika vyuma, wala mabati, wala mafuta ya lori. Haikutoka katika kodi, maana kontrakta asiye na cheti cha kodi hukataliwa tangu mwanzo. Basi imebaki sehemu moja ambayo mtu aweza kuikata bila ya kuulizwa, nayo ni mshahara wa mfanyakazi.

Tufanye hesabu. Tuseme kazi yahitaji watu 40 kwa siku 150. Hizo ni siku za kazi 6,000. Kontrakta wa kwanza apanga kumlipa kila mtu mshahara wa halali. Wa pili apanga kumpunja kila mtu shilingi 300 kwa siku. Huyo wa pili amepata shilingi 1,800,000 za kupunguza bei yake, na tenda ataipata yeye. Yule mwema atarudi nyumbani na karatasi zake. Safari ya pili naye atakuwa amejifunza kupunja. Kwa njia hii Serikali yenyewe, bila ya kusema neno, yawafundisha makontrakta wote kutunyonya.

Mambo haya hatukuyasikia kwa watu. Wanachama wetu walijenga madarasa ya Serikali, na kontrakta aliyeshinda tenda hawakumwona hata siku moja. Alikuwa ameiuza kazi kwa mwingine, na huyo wa pili akampa nyapara. Kila mmoja alimega kipande chake njiani, na kilichomfikia mtu wa karai kilikuwa makombo. Jumamosi mbili walilipwa nusu. Jumamosi ya tatu nyapara alizima simu. Walipokwenda kwa mwenye kazi waliambiwa, "Ninyi hatuwajui." Walipomtafuta kontrakta mkubwa walijibiwa, "Serikali haijanilipa." Fundi mmoja alikuwa ameanguka kutoka juu ya mbao za kusimamia akavunjika mguu, na jina lake halikupatikana katika daftari lo lote. Madarasa yalifunguliwa kwa ngoma na hotuba. Mishahara haijaonekana mpaka leo.

Mtu atasema kwamba sheria ipo. Kweli ipo. Kifungu cha 55 cha sheria hiyo hiyo ya 2015 chasema kwamba anayetaka tenda asiwe mtu mwenye hatia ya kuvunja vibaya sheria za haki za kazi. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 37, yasema kwamba kibarua akifanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja si kibarua tena, ana haki kama watu wa mwezi. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 41, yampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki. Maneno haya ni mazuri. Lakini nani ayahakikisha? Kodi ina cheti, na cheti kina ofisi ya kukitoa. Mshahara una cheti gani? Nani huenda kwenye mtaa wa kazi akamwuliza mtu mwenye jembe, "Wewe jana ulilipwa ngapi?"

Tena tazameni jinsi milango ilivyopangwa. Kontrakta aliyeshindwa, akiona ameonewa, ana siku 14 za kupeleka malalamiko yake kwenye Bodi ya Rufani ya tenda, na Bodi yapaswa kumaliza shauri kwa siku 21. Hayo ni mambo ya haraka! Lakini mfanyakazi aliyenyimwa mshahara katika tenda hiyo hiyo hana kiti katika Bodi ile. Yeye huambiwa aende mahakamani, na huko atangoja mpaka kontrakta amekwisha badili jina la kampuni.

Hatusemi kwamba Serikali haijatengeneza kanuni. Imetengeneza nyingi. Baada ya aibu ya Anglo Leasing iliyofichuka mwaka 2004 ikaja sheria ya 2005. Kisha ikaja hii ya 2015. Mwaka 2018 ikaja amri ya Rais kwamba habari za tenda zitangazwe wazi. Hata hivyo mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa Korona, tulisikia mambo ya KEMSA. Mwaka 2025 Hazina ikataka tenda zote zipite katika kompyuta, na magavana wakapinga. Sisi hatupingi uwazi. Mwizi wa pesa za umma ni adui yetu pia, maana dawa zinazokosekana hospitali ni dawa za watoto wetu. Lakini ndugu, ziangalieni vizuri kanuni hizi zote. Zimetungwa ili tajiri mmoja asimwibie nafasi tajiri mwenzake, na ili wote wawili wasiibie Hazina. Hakuna aliyekaa akauliza jinsi ya kuwazuia wasimwibie mfanyakazi.

Tunachodai si jambo jipya. Mwaka 1891 Bunge la Uingereza lilikubali kwamba katika kandarasi za Serikali mfanyakazi alipwe mshahara unaokubaliwa katika kazi ile, na mtindo wa kuuziana kazi kwa kunyonya uzuiwe. Watu hao hao walitutawala miaka mingi. Mwaka 1949 Shirika la Kazi la Kimataifa likafanya Mapatano Namba 94 juu ya jambo hili hili, na Kenya ikayakubali mwaka 1964, Uhuru ungali mchanga. Mapatano hayo yasema kwamba kila kandarasi ya Serikali iwe na sharti la mshahara na saa za kazi zisizopungua zile za mapatano ya vyama. Yasema kwamba sharti hilo liwafuate hata wale waliouziwa kazi, na tangazo libandikwe mahali pa kazi. Yasema tena kwamba kontrakta mkaidi anyimwe tenda, na pesa zake zizuiwe ili wafanyakazi wapate haki yao. Uingereza ilijitoa miaka ya 1980 wakati wa Bibi Thatcher. Kenya haikujitoa. Twafungwa na neno tulilolitoa wenyewe. Baadhi ya karatasi za kandarasi kubwa zina maneno ya namna hii, lakini yamelala katika makabati ya ofisi, na mfanyakazi hayaoni.

Kwa hiyo twadai kanuni za tenda zibadilishwe hivi:

1. Kila tenda ioneshe hesabu ya mishahara peke yake. Bei ambayo haiwezi kulipa mshahara wa halali itupwe, hata ikiwa ya chini namna gani.

2. Kontrakta asilipwe fungu la pili kabla ya kuleta daftari la mishahara ya fungu la kwanza, lililotiwa sahihi na wafanyakazi wenyewe.

3. Kila aliyeuziwa sehemu ya kazi aandikwe jina wazi, na kontrakta mkubwa awe na deni la mishahara yote, hata nyapara akikimbia.

4. Ubao wa mishahara usimame mlangoni, karibu na ule ubao wenye majina ya wakubwa, kwa Kiswahili.

5. Malalamiko ya mshahara katika kandarasi ya Serikali yasikilizwe kwa siku 21, kama yale ya makontrakta.

6. Serikali nayo ilipe madeni yake kwa wakati.

Hili la sita twalisema kwa makusudi. Tangu mwaka 2013 kuna utaratibu wa kuwapa vijana, wanawake na walemavu sehemu ya 30 kwa mia ya tenda. Watu watasema masharti yetu yatawaua makontrakta hawa wadogo. Hapana. Kinachowaua ni kungoja malipo miaka. Serikali isiyolipa ndiyo mnyororo wa kwanza, na mwisho wa mnyororo huo umefungwa shingoni mwa kibarua.

Watasema pia kwamba majengo yatakuwa ghali. Twajibu: gharama ipo hata sasa, ila hailipwi na Hazina. Hulipwa na mama anayekopa unga dukani, na mtoto anayerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Shule iliyojengwa kwa kumfukuzisha shule mtoto wa aliyeijenga, hiyo ni faida ya nani?

Na sisi wenyewe tujikosoe. Wako viongozi wa vyama wanaofika mahali pa kazi, wakanywa chai ofisini mwa kontrakta, wakaondoka bila ya kusema na watu. Na wako wanachama wanaotia sahihi karatasi tupu kwa kuogopa kufukuzwa. Mambo haya yakome.

Tangu leo, kila anayefanya kazi ya Serikali aandike siku zake, malipo yake, na jina lililo kwenye ubao, alete tawini. Tukiwa na daftari letu tutakwenda Bungeni na kwa wakubwa wa kaunti na mambo yaliyoandikwa, wala si manung'uniko.

UMOJA NI NGUVU.