Ngungu: Ekuteri ya waya inatosha kazini, acheni kuwacheka wanaoivaa

Ngungu, Masisi – Siku ya soko, mwenye kuvaa ekuteri ya waya anaonekana kama mtu aliyebaki nyuma. Vijana wanataka zile ndogo zisizo na waya, zinazolala ndani ya kiboksi, na wachuuzi wanajua hivyo. Wanazipanga mbele, halafu zile za waya wanazitupa chini ya meza pamoja na chaja zilizokufa. Huo ni udanganyifu, hata kama mchuuzi hajasema uongo wowote kwa kinywa chake.

Kwa mtu wa Ngungu anayetaka kusikiliza akiwa kazini, akilima, akichunga ng'ombe, akishona nguo ao akichaji simu za watu, ile ya bei ndogo yenye waya ndiyo inayofaa. Umaskini si sababu. Sababu ni redio.

Simu nyingi zinazotumiwa vijijini, za vitufe na hata za kugusa, zina redio ya FM ndani lakini hazina anteni. Waya wa ekuteri ndio anteni. Uchomoe, simu itakuomba uurudishe, ao utasikia mvumo tu. Ziko simu chache za vitufe zinazokamata redio bila waya, na hata hizo mara nyingi zinakamata vizuri zaidi ukichomeka. Ekuteri ya blutuzi haiwezi kazi hiyo hata siku moja. Aliyeinunua atabaki na nyimbo za kwenye kadi, ama atalipa mega ili asikie habari ambazo jirani yake anazipata bure. Mtandao ukikatika, hata mega zake ni bure.

Na habari si mchezo Masisi. Radio Okapi ilianza Februari 2002, wakati nchi ilikuwa imegawanyika, na tangu hapo watu wamezoea kupima maneno ya barabarani kwa yale waliyosikia redioni. Machi 2025 matangazo ya Sauti ya Amerika yalipokatwa, wasikilizaji walipoteza mlango mmoja wa habari. Mwezi mmoja mbele ya hapo, kambi za Bulengo na Lushagala kando ya Goma zilivunjwa, na familia zikaambiwa zirudi makwao, wengine wakiwa hawajui kama nyumba ingali imesimama. Mama anayepanga kurudi na watoto anahitaji kujua kama njia ni nzuri. Nyimbo za kwenye kadi hazitamwambia.

Kuna jambo lingine ambalo watu hawapendi kulisema kwa sauti. Redio ikifunguliwa kwa nguvu uani, kila anayepita anajua unasikiliza nani, na mwingine atauliza kwa nini. Ekuteri inakuachia habari yako wewe mwenyewe. Katika sehemu ambayo wenye silaha wamebadilishana mara nyingi, hiyo ni faida kubwa kuliko uzuri wa muziki.

Tuseme sasa habari ya moto wa kuchaji. Ekuteri isiyo na waya ina batri tatu: sikio la kuume, sikio la kushoto, na kiboksi. Zote ni ndogo, zote zinachoka, na hakuna fundi wa soko anayezibadilisha. Mtu anayelipa kila mara ili simu yake ichajiwe kwa sahani ya jua anajiongezea deni jipya. Na tangu mabenki ya Goma yafungwe mwisho wa Januari 2025, wengi wameona namna pesa taslimu ilivyokuwa ngumu kupata. Kupoteza sikio moja la ekuteri hiyo katika shamba la maharagwe ni kulia.

Lakini wanaotetea waya nao wana makosa yao, na ni makubwa. Kijana wa mashine ya kusaga unga anaongeza sauti mpaka ishinde mashine. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe saa 40 kwa juma katika sauti ya desibeli 80. Kwa wafanyakazi wa mahali penye kelele, wataalamu wengi wanahesabu saa 8 kwa desibeli 85, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 94 ni saa moja, 100 ni dakika 15. Mashine pekee imekwisha kula sehemu ya muda huo. Sikio likiharibika namna hiyo halirudi, na hakuna dawa ya dukani ya kulirudisha. Kwenye mashine, ekuteri ivuliwe. Ni hivyo tu.

Wenye pikipiki wanaovaa masikio yote mawili wanastahili kukemewa, na abiria wawakemee. Vivyo hivyo anayekwenda shambani peke yake. Risasi ikilia mlimani, ao mtu akiita, sikio moja lazima liwe wazi. Kwa kazi ya nje, zile za plastiki ngumu zisizoziba sikio ni bora kuliko zenye mpira. Zenye mpira zinafaa ndani ya nyumba, kwa fundi cherehani, kwa sababu zinakuruhusu kusikia kwa sauti ndogo.

Mabosi wanaokataza ekuteri kabisa, wakisema mfanyakazi anayesikiliza ni mvivu, wajibu swali moja: wao wenyewe walijuaje habari za asubuhi?

Anayenunua asikubali kufungiwa mfuko bila kujaribu. Chomeka kwenye simu yako mwenyewe, si ya mchuuzi. Fungua FM, nyoosha waya wote, usiukunje mfukoni, maana anteni ya FM inataka karibu sentimita 75 zilizonyooka. Sikiliza sikio la kuume, kisha la kushoto. Halafu tikisa waya pale unapoingia kwenye kichomeo, kwa kuwa ndipo unapokatikia kwanza. Sauti ikipotea na kurudi, mrudishie. Akinung'unika, meza ya pili iko hatua tatu tu.