Ujira wa Mwanachuo

Barua ya Bondeni, na Salehe Mpogoro

Wako wazee wenzangu hapa Chita wasemao kwamba mwanachuo afanyaye kazi ya ujira ameipa elimu kisogo. Nami, kwa staha yote niwapayo, naona wamesahau kwamba Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilimtaka kijana atokaye sekondari afanye kazi kwanza, ndipo apokewe chuo kikuu. Zamani kazi ilitangulia masomo. Leo vyote viwili vinamlemea mtu mmoja kwa wakati mmoja.

Mtoto wa mkulima wa bonde hili, zaidi ya hayo, ana mkosi wa kalenda. Mpunga wa mvua huvunwa aghalabu tangu Mei hadi Julai, miezi ambayo vibarua hutafutwa kwa udi na uvumba, ilhali yeye yuko Ifakara au Morogoro akikabiliana na mitihani. Na ashukapo treni ya TAZARA kwa likizo ndefu, magunia yamekwisha shonwa, wala hakuna amwitaye shambani. Riziki yake, basi, iko huko huko mjini, naye huitafuta kwa kufundisha tuisheni, kwa kukaa kibandani kama wakala wa kutuma fedha, au kwa kuendesha bodaboda usiku, kwa kuwa pesa ya kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo, ile waiitayo "boom", ilipandishwa mwaka 2022 ikawa shilingi 10,000 kwa siku, chakula na malazi pamoja, tena kwa yule aliyejaaliwa kukopeshwa.

Asomaye udaktari namtoa katika hesabu hii: wodi humla mchana na usiku, na kumwambia akatafute kibarua ni dhuluma.

Hao wengine siwalaumu. Namlaumu mwajiri amlipaye mwanafunzi nusu ya ujira wa wenziwe kwa hoja kwamba "huyu anasomeshwa", kana kwamba saa ya mwanachuo ina dakika 30. Navilaumu na vyuo, ambavyo vina vitabu vya kupanga maktabani, vyombo vya kutunza maabarani, na wageni wa mwaka wa kwanza wa kuelekezwa, lakini ni nadra kuzifikiria kazi hizo kuwa riziki halali ya wanafunzi wao wenyewe, saa chache kwa juma, bila kuvuka lango.

Nawasihi wakuu wa vyuo wazitenge kazi hizo kabla ya masomo kufunguliwa, wazibandike ubaoni pamoja na ujira wake, na walipe kila mwisho wa mwezi.