Uongozi wa Ushirika wa Tingatinga

Wachoraji wa mtindo wa Tingatinga walioko Oysterbay, Dar es Salaam, huongozwa na wachoraji wenzao. Mwanzilishi wa mtindo huo, Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora kwa rangi za mafuta za kung'aa mwaka 1968, alipigwa risasi na polisi mwaka 1972 kwa kudhaniwa mhalifu. Aliacha jamaa na wanafunzi wachache, wakiwemo Omari Amonde, January Linda na Ajaba Abdallah. Kundi hilo ndilo lililozaa ushirika uliosajiliwa mwaka 1990.

Kwa kanuni za ushirika, mwenye kauli ya mwisho ni mkutano mkuu, na kila mwanachama ana kura moja, awe fundi mkongwe au kijana aliyejiunga juzi. Viongozi huchaguliwa hapo. Kazi yao ngumu haiko kwenye vikao, iko kwenye mali: nani atundike picha mahali mtalii anapopita, na nani amenakili chui wa mwenzake. Kunakiliana ni desturi ya zamani ya mtindo huu, hivyo kiongozi anayetaka kupiga marufuku jambo hilo ana kibarua kizito.